Bi Buku na Kanuni za Kasuku

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie wa nyuma mmekula kweli? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Pakawa na shimo, na shimo likawameza wenyewe.

Hapo zamani za kale palikuwa na panya mmoja, Bi Buku, na watoto wake watatu. Shimo lao lilikuwa moja tu, limenyooka kama fimbo. Huku mlango, huku mlango, katikati wamelala wote.

Siku moja akatua Kasuku. "Bi Buku, hili nalo shimo? Waungwana wanachimba kwa kanuni, mama! Ya kwanza: chumba kimoja, kazi moja."

Bi Buku akaona haya. Akachimba chumba cha karanga, chumba cha mihogo, chumba cha watoto, chumba cha kujikuna mkono wa kulia na chumba cha kujikuna wa kushoto.

Jirani yake Fuko akachungulia. "Shoga, unapangisha?"

"Nafuata kanuni."

"Kanuni inataka nini?"

"Ifuatwe."

Kasuku akarudi. "Ya pili: njia isizidi hatua tatu bila kona."

Bi Buku akachimba, akakata kona, akakata kona, hata mkia wake mwenyewe ukawa unampiga usoni.

Kasuku akarudi mara ya tatu. "Chumba kisigusane na chumba. Kati yao weka ukumbi!"

Bi Buku akachimba kumbi, akachimba kumbi. Ikawa kwenda kulala ni safari ya kufungasha chakula.

"Shoga yangu," akasema Fuko, "kona ni dawa ya nyoka. Sisi huku bondeni adui yetu ni maji."

"Wivu huo!" akajibu Bi Buku.

Masika yakaja. Mto ukafurika. Bi Buku alikuwa nje akitafuta chakula, akakimbilia shimoni kuwatoa wanawe.

"Mama, tuko huku!"

Akapita ukumbi, akakata kona. Chumba cha karanga.

"Mama, tuko huku!"

Akapita ukumbi, akakata kona. Chumba cha kujikuna mkono wa kulia.

"Mama..."

Akapita ukumbi, akakata kona. Akatokea mlango ule ule alioingilia.

Maji hayakufundishwa kanuni. Maji hayakuuliza njia. Yaliingia kwa kila mlango, yakafika kabla yake.

Fuko akamvuta mkia, akampandisha juu ya kichuguu. Wakakaa wakisikiliza. Hapakuwa na cha kusikiliza.

Kasuku alikuwa tawini, mkavu. "Ulisahau kanuni ya nne."

"Kasuku," akasema Bi Buku polepole, "wewe umewahi kuchimba shimo?"

"Mimi?" Kasuku akacheka mpaka akaning'inia. "Mimi nina mabawa!"

Akaruka ng'ambo kwa Sungura, mwenye mimba changa. "Bi Sungura, hili nalo shimo?"

Bi Buku akapiga kelele kumwonya. Mto ulikuwa unanguruma, Sungura hakusikia neno.

Maji yalipokauka, Bi Buku alichimba shimo moja, limenyooka kama fimbo. Huku mlango, huku mlango, katikati amelala peke yake.

Basi, wenzangu, kanuni ni dawa: kabla hujainywa, uliza inatibu nini. Na ukiona kazi ya mikono yako inakupoteza wewe mwenyewe uliyeifanya, punguza, usiongeze.

Hadithi yangu imeingia shimoni. Anayeijua njia akaitoe. Mimi kona zimenishinda.