Bakuli Moja la Malimbuko

Hapo zamani, mahali palipoitwa Namatula, mvua zilikosa miaka miwili mfululizo, na njaa ikaingia nyumba hadi nyumba bila kupiga hodi. Asumini, mjane mwenye mtoto wa kunyonya, akakaukiwa maziwa. Mwanawe Somoe akavimba miguu, nywele zikawa rangi ya majani makavu, mwisho akaacha hata kulia. Mtoto akiacha kulia, wenzangu, hapo ndipo pa kuogopa.

Mkwepu, kaka yake Asumini, akaingia porini. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, akaleta kikapu cha ndiga, kiazi cha mwituni chenye sumu. Ndiga hailiwi mpaka ilale siku tatu katika maji yanayotembea.

Na mto umekauka! Jirani yao, Binti Chikwaya, akaikatakata ile ndiga, akaitia kapuni, akachimba kisima mchangani. Siku tatu akachota akamwagia, akachota akamwagia. Maji yalikataa kutembea, akayatembeza yeye.

Tena ndiga hapewi mtoto kabla mtu mzima hajaonja na kuamka salama. Bibi Nambecha, bibi yao Asumini na Mkwepu, akasema, "Leteni." Akala, akalala. Kulipokucha akaamka anadai nyingine.

Somoe akala, akapona. Mvua zikarudi.

Shambani kwa Asumini mtama ukaanza kuiva, masuke machache tu, uji wa bakuli moja. Hayo ndiyo malimbuko, na Namatula malimbuko hupewa aliyeiokoa nyumba. Mtu mmoja. Hayagawanywi, ukiyagawa, umesema hakuna aliyekuokoa.

Asumini akatoka na bakuli. Watatu wamekaa mkekani, mbavu zao bado zinahesabika.

Mkwepu akasema, "Dada, bila mimi wangeloweka nini? Wangeonja nini? Huyu bibi yetu kazi yake ilikuwa kushiba kabla ya watu!"

Bibi Nambecha akacheka. "Mume wangu wee, nilishiba nikiwa nimekwisha kuaga. Muulize dada yako kama sikumwonyesha ilipo sanda yangu."

Asumini akainamisha kichwa. Ni kweli alionyeshwa.

Binti Chikwaya hakucheka. "Mkwepu, wewe ulileta sumu. Bibi naye alionja chakula, na aliyeifanya sumu kuwa chakula ni mimi. Nyinyi mlimpigania damu yenu. Mimi yule mtoto ni wangu?"

Bakuli linamchoma Asumini viganja, na moyo unamuuma zaidi, maana anawapenda wote watatu. Tena anajua njaa haijasahau njia ya Namatula. Siku itakaporudi, atawaendea kwa uso gani wale wawili aliowanyima?

Haya, nyinyi mnaonisikiliza mmeshiba, msitazamane. Uji unapoa. Je, nani alistahili?