Mtama Ulionyeshewa

Hapo zamani, tegeni masikio, palikuwa na mji wenye pande mbili: Juu, kwenye nyumba za mawe, na Bondeni, kwenye vibanda vya nyasi. Chausiku alizaliwa Bondeni, akaolewa Juu na Mwinyi Bakuza, mkuu wa mji. Kwa miaka sita alijichunga: asicheke kwa sauti, asile haraka, asishike ungo. Siku moja alijisahau akashika ungo, mawifi wakanong'onezana, "Bondeni bado haijamtoka." Maneno hayo yakamganda moyoni.

Mwaka huo mbegu za mji mzima ziliwekwa kwa Mwinyi Bakuza. Mtama huo wa mbegu ukaanikwa uani juu ya majamvi, ukawekewa walinzi wawili: Ruzuna, binti wa Mwinyi kwa mkewe marehemu, na Mashavu, mama mtwangaji kutoka Bondeni.

Adhuhuri Chausiku akachungulia dirishani. Ruzuna amelala. Mashavu amelala. Na nyuma ya mlima, wingu jeusi linapanda.

Ashuke? Aanue mtama kwa mikono yake, mawifi wakimtazama? Apige kelele kama muuza samaki? Akajisemea, wataamka. Upepo ukatikisa mlango. Akajisemea tena, wataamka tu. Akashika komeo, akaliachia. Akalishika tena. Mvua ikashuka kwa kishindo, na alipofika uani mtama ulikuwa unakwenda na maji mtaroni, jamvi baada ya jamvi.

Alasiri mji ukakusanyika.

"Nani alilala?" wazee wakauliza.

"Wote wawili," wakajibu watu wa nyumbani.

Wazee wakamtazama Ruzuna. "Maskini, mtoto kachoka. Jua la leo lilikuwa kali." Wakamgeukia Mashavu. "Mvivu huyu! Ndivyo walivyo watu wa kule."

Mashavu akasema, "Mwinyi, nimetwanga tangu alfajiri. Nilimwomba Bi Ruzuna tuangalie kwa zamu. Akaniambia, lala, mimi niko macho. Mtu akiniambia yuko macho, nisimwamini?"

Ruzuna akaangua kilio. "Kweli, baba, nilisema hivyo. Lakini usingizi haukunipigia hodi. Sikukusudia."

"Mnaona moyo wake?" wakasema wazee. "Amekiri mwenyewe." Na Mashavu, aliyetangulia kusema yale yale, wakamwita mjuvi.

Mwinyi Bakuza akakohoa. "Mji una njaa mbele yake na hasira mkononi. Nikimwadhibu binti yangu hadharani, kesho nani atanisikiliza? Mashavu ahame kabla jua halijatua."

Chausiku akasimama.

"Bwana, niliwaona wamelala, wote wawili. Na wingu nililiona. Nami nikakaa ndani."

Wifi mmoja akacheka. "Si mnaona? Anamtetea wa kwao!"

Watu wakacheka naye. Mwinyi akamtazama mkewe, akatazama chini, asibadili neno. Chausiku akasubiri mtu mmoja, mmoja tu, aulize zaidi. Hakuna aliyeuliza. Akaketi, wala hakurudia tena.

Mashavu akavuka mto unaopakana na mji, yeye na wanawe watatu, mmoja mgongoni, maji yakimfika kiunoni. Mbegu ziliazimwa kutoka miji ya mbali, zikafika zimechelewa. Juu walikula mara moja kwa siku. Bondeni walizika watoto.

Sasa nanyi mlioketi hapa, nijibuni. Mashavu alilala kwa kuamini neno la mwenzake. Ruzuna aliahidi, akalala, akaacha mwingine afukuzwe. Chausiku aliona, akaogopa. Aliposema, alisema mara moja akanyamaza. Mwinyi aliujua ukweli, akahukumu kinyume chake. Je, kosa kubwa ni la nani? Na huyo uliyekwisha kumtaja moyoni mwako, ungemtaja yeye lau angezaliwa upande wa pili?