Toba ya Mwewe wa Mnarani

Mwaka ule machinjio yalihamishiwa mbali na mji, na wauza nyama wakaweka vioo mabuchani. Njaa ikamkaba Mwewe. Siku ya tatu alikaa juu ya mnara wa simu, tumbo limegusana na mgongo, akitazama paa la kinu cha unga. Pale waliishi njiwa, wanene kwa pumba za bure, na vifaranga wao kama maandazi.

Kuwavamia hakuweza, walikuwa wengi. Akashuka polepole, kichwa chini, kama mtu aliyechelewa swala.

“Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nimekuja kutubu.”

“Katubie mbele huko!” akasema Bi Njiwa, mwenye vifaranga wawili.

“Una haki, dada. Mimi mwovu. Yule mama wa mishikaki nilimpora mshikaki, na kidole nikamchuna. Kofia ya imamu niliitoa kwenye kamba, nikaitandika kiotani. Tena nikaichafua!”

Njiwa wakaguna, wakasogea. Kadiri alivyotaja dhambi zake ndivyo walivyolia kwa huruma, na Mwewe akaona raha ambayo hata nyama haijapata kumpa. Wakamwamini, wakamfanya mlinzi wao dhidi ya Kipanga, yule mwenye majivuno wa ghorofa ya benki, asiyesalimia mtu.

Jumatatu kifaranga mmoja wa Bi Njiwa akatoweka.

“Kipanga huyo!” Mwewe akapiga yowe, huku akijifuta mdomo kwenye bati.

Jumanne akatoweka wa jirani.

“Kipanga tena! Nakiri, nilisinzia. Nipigeni!”

Wakambembeleza. Bi Njiwa peke yake hakumbembeleza. Alikuwa amebakiwa na mmoja. Akaenda kwa Kunguru, fundi wa maneno, akamweleza yote.

Asubuhi Kunguru akatua paani, njiwa wote wakiwapo.

“Kaka Mwewe, pole. Kipanga kakupita.”

“Kanipita nini?”

“Toba. Huko ghorofani ndege wamejaa mpaka kwenye nyaya. Anasimulia alivyowatafuna wale vifaranga wawili, watu wanazimia! Wanasema yako ilikuwa ya kitoto, vijikofia tu.”

Mwewe akavimba manyoya. Alijua anapaswa kunyamaza. Lakini ulimi ulishatangulia.

“Mwongo mkubwa! Hapa hajatia mguu! Wale niliwala mimi, kwa mdomo wangu huu, na bismillahi nikapiga!”

Njiwa wote wakamgeukia.

“Haya,” akasema Bi Njiwa, akimfunika mwanawe kwa bawa. “Hiyo sasa ndiyo toba.”

Njiwa na Kunguru wakamrukia kwa pamoja. Alipochomoka, mkia ulibaki paani.

Mpaka leo Mwewe huzunguka juu ya mji peke yake akipiga mluzi wa kutubu, na kunguru wakimsikia humfukuza kabla hajafika dhambi ya pili. Tusimcheke sana. Wangapi kati yetu tunamwambia Mungu makosa yetu, huku jicho moja likiangalia nani analia?