Ajira ya Zimwi

Sogeeni, wenye kazi na wasio nayo! Palikuwa na zimwi lililokonda kwa njaa, maana lilinuka uvundo na watu walilikimbia kabla halijafika. Likajigeuza bosi, likafungua ofisi.

Mwanamvua, binti wa digrii mbili na kazi sifuri, akaenda intavyuu. Ofisi ilinuka mzoga. Kwa shida zake, akavumilia.

"Sivii yako kaa nayo," bosi akasema. "Nipe uwezo wako wa kunusa na kuonja, kazi ni yako."

"Chukua, bosi! Kwani nyumbani tunaonja nini?"

Wakapeana mkono, uwezo huo wote ukamtoka. Akarudi kwao akiimba. Jirani wa kwanza akafunga mlango, pa! Wa pili, pa! Wa tatu akatorokea dirishani, kanga mkononi.

"Wivu tu huo," Mwanamvua akacheka. "Mtaniheshimu!"

Akamkuta mama jikoni. "Mama, nimeajiriwa!"

Mama akageuka kwa furaha, kisha akaziba pua. Mwiko ukamdondoka.

"Mwanangu," akanong'ona, "huyo uliyekuja naye, nyuma yako, ni nani?"

Mwanamvua hakusikia harufu yoyote. Alihisi tu joto la pumzi shingoni.

Hadithi imeingia humo jikoni. Mimi nimebaki nje.