Viganja vya Mrisho

Mtu mmoja, fundi wa kupiga lipu, jina lake Mrisho, alikuwa na mke aliyempenda mpaka wenzake kazini wakawa wanamtania. Mke huyo, Mwamvita, akafariki. Mrisho akawa mtu wa kukaa tu, mwiko umelala pembeni, saruji imeganda kwenye mfuko wake. Nyumbani wakabaki wawili, yeye na binti yake Zamda, mjamzito, ambaye mumewe alikuwa safarini.

Mtoto wake wa kiume, aliyeko mbali, akamhurumia na kumletea mashine. Ni miwani mikubwa inayoziba macho yote, pamoja na vikanda viwili vya kuvaa kwenye vifundo vya mikono. Humo ndani kijana alikuwa ameutengeneza upya ua wa nyumba yao, kwa picha zilizopigwa siku ya harusi ya Zamda. Mpera upo, mtungi upo, kamba ya nguo ipo. Na Mwamvita yupo, amekaa kwenye mkeka, anapepeta mchele. Ila mpiga picha siku ile alisimama nyuma yake, kwa hiyo unaouona ni mgongo tu, na ncha ya kanga begani.

Huko hutembei kwa miguu. Unatembea kwa mikono. Ukizungusha kifundo cha mkono, mlango unafunguka. Ukivuta kiganja kifuani, kilicho mbali kinakujia polepole. Ukibana vidole viwili, umeshika. Mrisho hakuhitaji kufundishwa mara mbili, maana mkono wa mpiga lipu umezoea kwenda na kurudi juu ya kitu kilicho kimya. Alikuwa akiupitisha mkono hewani, na ua ukimpokea, na jua la alasiri limesimama juu ya mpera wala halina haraka ya kutua. Mchele uliruka kutoka kwenye ungo, ukarudi bila sauti. Alijaribu kuzunguka ili auone uso wa mkewe. Kila akizunguka, ua nao ulizunguka, na mgongo ukabaki palepale. Hakukata tamaa. Alisema moyoni, iko siku atageuka.

Sasa sikilizeni hapa. Mashine ile ilikuwa na ishara moja ya kutokea. Ukiinua viganja viwili, ukavifungua mbele ya kifua, inaelewa kwamba umetosheka, na inafunga kila kitu. Walioitengeneza hawakuwa na ubaya. Kwao hiyo ilikuwa ishara nyepesi, hawakuwaza kama wapo watu ambao mikono yao huinuka hivyo yenyewe. Mrisho siku ya kwanza alipomwona marehemu, alifanya kile ambacho yeyote kati yenu angefanya. Aliinua mikono kumwombea. Mkewe akapotea, ua ukapotea, akabaki gizani na dua imekatikia mdomoni.

Akamwuliza kijana wake kama ishara ile inaweza kubadilishwa. Akajibiwa haiwezi. Basi Mrisho akachagua. Akawa anaingia, anakaa nyuma ya mkewe, na mikono ameifumba mapajani. Mtaniambia dua haihitaji mikono. Ni kweli, lakini yeye hakujua kuomba mikono ikiwa chini, na wengi wenu hapa hamjui. Alijiambia, nitamwombea nikitoka. Akitoka, macho yanamwasha, kichwa kizito, na hamu ya kurudi imeshamshika. Mwisho hata kwenye hitima, watu wanapoinua viganja, vya Mrisho vilikuwa vimelala magotini. Yule aliyempenda kuliko wote akakosa dua ya mtu mmoja tu, mumewe, na mumewe alikuwa anakaa naye kutwa.

Msinitie maneno mdomoni, mashine sijaiharamisha. Mimi nazungumzia mikono.

Zamda alipika, akamwekea baba yake chakula ubavuni, kikapoa. Mrisho alikuwa anakaa ameelekea ukutani, ili mikono yake ikipunga isigonge vyombo wala isimpige mtu. Asubuhi moja binti akaja amejifunga kanga mbili, bajaji inamsubiri nje. Mtoto tumboni alikuwa amekaa vibaya, na hospitali walikuwa wamemwambia aende akapasuliwe. Kwetu mtu haondoki kwa safari kama hiyo bila mzazi wake kumwinulia mikono. Akakaa kwenye mkeka nyuma ya baba yake, akaaga, akaomba aombewe.

Mrisho alimsikia. Aliisikia sauti ile kama inatoka chini ya mpera, na akaona, au alidhani ameona, bega la Mwamvita limesogea kidogo.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Mama yako anataka kugeuka."

Zamda akangoja. Bajaji ikapiga honi. Alikuwa anaogopa, na hakuficha kwamba anaogopa.

"Baba, aliyekuwa ananiombea ni mama. Nimebaki na wewe tu."

Mrisho akaifumbua mikono iliyokuwa mapajani. Alijua kitakachompotea, na safari hii hakuwa na hakika kama moyo utamruhusu kurudi. Akaviinua viganja, akavifungua. Ua ukaanza kuondoka: mpera kwanza, kisha kamba ya nguo, kisha mchele ukiwa bado hewani. Mgongo wa Mwamvita ulikuwa wa mwisho. Aliomba kwa sauti gizani, akamtaja binti yake, akamtaja mjukuu asiye na jina, akamtaja mkewe na kulia, na nyuma yake Zamda akaitikia amina. Alipomaliza akapitisha viganja usoni, kama ilivyo ada, na viganja vikakutana na miwani. Akaivua.

Mbele yake palikuwa na ukuta, lipu aliyoipiga mwenyewe. Ikabidi ageuke. Zamda alikuwa amekaa, amemwelekea, viganja vyake bado viko wazi, na uso wake ulikuwa wa mama yake kabisa.

Sasa nijibuni, nyinyi mlio wepesi wa kuhukumu: siku zote zile, ni nani aliyekuwa amempa mwenzake mgongo?