Kichwa Kisichojua Kwao

Paukwa!

Pakawa!

Wepesi wa kutapika wakae nyuma, maana hii inatia kinyaa.

Hapo kale, kaskazini kwenye barafu, shamba la baba lilikuwa la kifungua mimba. Wadogo waliachiwa mawe. Basi Ketili, kitinda mimba, akaona njia ya kupata mali na jina ni kupora. Akaunda mashua ndefu inayopita hata kwenye maji ya magotini, akachonga kichwa cha joka na kukisimika mbele. Zimwi likaingia humo likakaa.

Siku moja, alfajiri, yeye na wenzake wakawavamia watawa wasio na silaha, waliokuwa kwenye sala. Kichwa kikafunua kinywa.

"Kilicho mbele yangu ni changu."

Kikameza watu, kikatapika vyombo vya fedha.

Mwiko ulikuwa mmoja: wakikaribia nyumbani, kichwa king'olewe na kufunikwa, kwa kuwa hakijui kwao wala ugenini.

Asgerdi, mkewe Ketili, akaletewa kikombe kimoja cha fedha hiyo. Akakisugua kwa majivu mara tatu. Kikazidi kunuka nywele zilizoungua, naye akakitupa jalalani.

Siku moja wakaenda tena.

"Kilicho mbele yangu ni changu."

Safari hii ukaja mkufu, na kwenye mkufu limenasa jino la mtoto. Asgerdi akatapika. Akamsihi mumewe aache, akamuuliza kama waliomezwa hawakuwa na mama. Ketili akacheka, akasema wale ni watu wa mbali. Tangu siku hiyo Asgerdi alimwona mchafu kuliko pipa la matumbo ya samaki, akahama kitanda chake.

Basi, wakirudi kutoka safari ya tatu, Ketili akavimba kwa majivuno. Akataka kijiji kizima kimwone akiingia, joka limesimama mbele. Wenzake walimkumbusha mwiko, akawapuuza.

Binti yao Ragna, wa miaka mitano, akamponyoka mama yake, akakimbilia ufukweni kumlaki baba.

"Kilicho mbele yangu ni changu."

Kichwa kikameza. Kisha kikatapika bangili ndogo ya fedha, ikaanguka miguuni pa Ketili.

Ketili akajitupa chini akilia. Asgerdi hakumgusa.

"Okota, baba Ragna," alimwambia. "Si ndicho unachokifuata siku zote?"

Hadithi yangu imeishia hapo, nami naenda kusukutua mdomo. Anayechekelea mtoto wa mwenzake kumezwa, asidhani zimwi litamtambua wa kwake.