Mbuzi Hanunui Kopo

"Mbuzi hanunui kopo." Mnacheka nini? Mmeisikia leo sokoni mkadhani ni matusi. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Bi Mwanjaa wa Muheza alikuwa akiuza machungwa ya kumenywa. Wateja walifyonza maji wakatupa ule weupe wa chini ya ganda, na jioni yeye akamzolea mbuzi wake ndoo nzima ya weupe huo. Shida yake ilikuwa miguu, imevimba kama mihogo. Na arusi ya mjukuu wake ilikaribia. Yeye ndiye wa kutangulia ngoma ya kumtoa bibi arusi. Asipoweza, angetangulia wifi yake Mwantumu, ambaye gauni alikwisha kulishona kabisa. Heri kufa!

Akapita mchuuzi mwenye tai shingoni na makopo yake. "Vidonge vya weupe wa chungwa, mama! Miguu itanywea yenyewe."

Bi Mwanjaa akanunua. Kopo lilisema kimoja kwa siku. Yeye akaona kimoja ni cha wavivu, akabugia vitatu vitatu, juu ya dawa zake za presha, kimya kimya. Arusi ikiwa mlangoni, kizunguzungu kikambwaga kwenye ndoo ya mbuzi. Mumewe, Mzee Mhina, akamkokota hadi zahanati.

Muuguzi akalitikisa kopo: chaka, chaka. "Bibi, humu mna nini?"

"Weupe wa chungwa, mwanangu. Dawa kubwa hiyo!"

"Huenda vikamsaidia mwenye miguu kama yako, sikatai. Lakini wewe una dawa za presha, na dawa huweza kugombana. Ungeuliza kwanza. Na hivyo vitatu nani kakwambia?"

Bi Mwanjaa akajifunika miguu kwa kanga. Muuguzi hakumwachia.

"Na weupe wa machungwa yako mwenyewe unaupeleka wapi?"

Mzee Mhina ndiye aliyejibu. "Anaula mbuzi wake. Na miguu yake, mashallah, anaruka ua wa jirani! Wala hajanunua kopo."

Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. Bi Mwanjaa aliona haya, ardhi ingepasuka angeingia.

Akaacha vidonge, kila akipumzika akaiinua miguu juu ya mto, na chungwa akalila na weupe wake. Siku ya arusi miguu ilikuwa bado minene kidogo, lakini alitangulia yeye! Mwantumu akafuata nyuma, kanuna. Kila alipotikisa kiuno, mkoba wake ulilia: chaka, chaka, chaka.

Bi Mwanjaa akaijua sauti ile. Akasimama, akageuka, ngoma nzima ikanyamaza.

"Wifi," akasema, "umemuuliza muuguzi? Mbuzi hanunui kopo!"